Miaka Minne Kati ya Ndiyo na Cheti

Anayetoka Mpanda kwenda Katumba hana haja ya kuuliza makazi yanaanzia wapi. Msitu wa miombo unakusindikiza pande zote mbili za barabara ya vumbi, mizinga ya nyuki ikining'inia juu ya miti, mara msitu unakatika na mistari inaanza. Njia zimenyooka. Nyumba za tofali za kuchoma zimekaa upande huu na upande ule, kila moja na shamba lake mgongoni. Hata miembe inaonekana imepandwa kwa kupimiwa hatua. Vijiji vya huku kwetu havikai hivyo. Hutawanyika vinavyotaka, mmoja kajenga karibu na kisima, mwingine kando ya kaburi la babu yake. Katumba ilichorwa mezani kabla mtu yeyote hajawasha moto humo, na mchoro wenyewe bado unasomeka ukiwa juu ya pikipiki.

Kijana aliyenibeba kwa bodaboda amezaliwa hapa. Alipunguza mwendo penye kona moja isiyo na kitu ila kibanda cha vocha, akaonyesha kwa kidevu. "Hapa palikuwa na kizuizi. Babu akitaka kwenda Mpanda anaonyesha karatasi. Huna karatasi ya mkuu wa makazi, unageuza."

Karatasi hiyo ni kibali cha kutoka: jina lako, unakokwenda, siku utakayorudi. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1965, na baadaye ile ya 1998 iliyochukua nafasi yake, zote zilimtaka mkimbizi akae alikopangiwa, na akitaka kutoka aombe. Kwa hiyo watu waliofyeka pori hili wakaligeuza mahindi, maharage na tumbaku, watu ambao soko la Mpanda lilizoea kula jasho lao, walipaswa kuomba ruhusa ili wakanunue mafuta ya taa.

Tukisikia habari za watu wanaoomba hifadhi, mawazo yetu hukimbilia mbali: mashua za Lampedusa, dawati la uhamiaji la London, hakimu wa Marekani mwenye mafaili hadi dirishani. Haya ya hapa nyumbani tumeyasahau upesi mno. Katikati ya msitu huu wa Katavi, na katika makazi mawili mengine ya Mishamo na Ulyankulu, serikali ya Tanzania iliwageuza wakimbizi zaidi ya laki moja na nusu kuwa raia, kwa uamuzi mmoja. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, lilisema halijapata kuona nchi ya hifadhi ikitoa uraia kwa kundi kubwa kiasi hicho kwa mkupuo. Nilitaka kuona jambo hilo linafananaje likiwa limekwisha kupoa.

Mzee niliyeelekezwa kwake nilimkuta amekaa kwenye kigoda, gunia mbele yake, anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Vuta hicho kiti. Hicho kingine mguu wake mgonjwa."

Alikuwa kijana wa miaka kumi na kitu mwaka 1972, kusini mwa Burundi, upande wa Rumonge, ziwa likionekana kutoka mlangoni kwao. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo uasi ulizuka kusini, na watu waliuawa. Jeshi la Rais Michel Micombero likajibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima. Wahutu waliosoma walitafutwa kwa orodha: walimu, makarani, wanafunzi, wachungaji. Makadirio ya waliokufa huanzia laki moja na kupanda hadi laki tatu. Warundi huyaita Ikiza. Mzee hakuyaita kitu. Alisema tu kwamba kaka yake mkubwa alikuwa mwalimu, kisha akaendelea kupukuchua kwa muda mrefu bila kusema neno.

Walivuka, wakapokelewa Kigoma, wakapakiwa kwenye treni. Reli ya Kaliua hadi Mpanda ilijengwa na Waingereza kwa ajili ya madini ya risasi, si kwa ajili ya watu, na mzee anakumbuka walivyoshushwa porini usiku wakidhani treni imeharibika. Kulikuwa na mbung'o, na simba pia. Wakapewa jembe, panga, shoka, mbegu na chakula cha kuwavusha hadi mavuno. Ulyankulu, huko Tabora, ilikuwa imefunguliwa mwaka 1972. Katumba ikafuata 1973. Na Ulyankulu ilipofurika, watu wakahamishiwa Mishamo kuanzia 1978. Tanganyika Christian Refugee Service, serikali na UNHCR walishirikiana kupima barabara, visima, shule na zahanati. Baada ya misimu michache mgao wa chakula ulikoma kwa sababu haukuhitajika tena. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Medali ya Nansen, tuzo ya heshima kwa wanaowasaidia wakimbizi, na sidhani kama kuna mtu aliyeona ajabu. Miaka mitatu kabla ya hapo nchi ilikuwa imewafungulia mlango wa uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000.

Lakini mwenye shukrani asizibe macho. Makazi haya yalikuwa ukarimu wenye ua. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikaa Mishamo na Kigoma mjini mwaka 1985 na 1986, akaandika kitabu ambacho wanaosoma habari za wakimbizi hawakiruki. Aliwakuta Warundi wa makazini wameshikilia historia yao na uhamisho wao kwa nguvu, wakijiona taifa lililo njiani kurudi. Wale wa Kigoma mjini, waliopanga vyumba na kuoa majirani, walikuwa wameshachanganyika na hawakutaka kubandikwa jina lolote. Naomba msomaji aiweke habari hiyo pembeni. Tutaihitaji tukifika mwaka 2010.

Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na UNHCR walikubaliana kulimaliza suala la wakimbizi wa 1972. Watu walihesabiwa katika makazi yote matatu, wakafika kiasi cha 218,000, na wengi wao walikuwa wamezaliwa hapahapa. Kila mtu mzima akaulizwa: unarudi, au unataka uraia? Mmoja kati ya watano hivi alisema anarudi. Waliobaki wakasema hatuondoki.

"Swali lilikuwa gumu?" nilimuuliza mzee.

"Kwangu hapana. Mdogo wangu alikwenda. Alikuta shamba la baba lina mtu, na huyo mtu naye ana karatasi ya serikali. Sasa wewe utamtoaje?"

Hilo si la mdogo wake peke yake. Ardhi ya Rumonge na pwani ya ziwa iligawiwa wengine mara wenyewe walipokimbia, na ingawa Mkataba wa amani wa Arusha wa Agosti 2000 uliahidi kwamba mkimbizi atarudishiwa mali yake, tume ya ardhi ya Burundi ilijikuta katikati ya familia mbili ambazo kila moja ina haki yake. Anayesema watu wa Katumba walichagua Tanzania kwa sababu wanaipenda anasema kweli, ila anasema nusu.

Kisha likaja zoezi lenyewe, na hapa serikali inastahili sifa kwa namna ilivyoanza. Mgeni wa kawaida anayetaka uraia wa tajnisi Tanzania hupita njia ndefu: ofisi ya kata, kamati ya wilaya, ya mkoa, mpaka kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na ada yake wakati ule ilihesabiwa kwa mamia ya dola. Sheria ya Uraia ya 1995 inamtaka awe amekaa nchini mwaka mzima kabla ya kuomba, na miaka saba katika kumi iliyotangulia. Ajue Kiswahili au Kiingereza. Awe na tabia njema. Awe na nia ya kuendelea kuishi hapa. Katumba haikuambiwa ipange foleni Dar es Salaam. Maofisa walikuja na meza zao, fomu, kamera na wino wa alama za vidole, ada ikapunguzwa sana, na watu wakajaziwa fomu kijiji kwa kijiji.

"Waliniuliza kama najua Kiswahili," mzee alisema, akacheka mpaka akakohoa. "Nikawaambia, nisipokijua mimi, nyie mmekuja kuongea na nani?"

Kuna jambo ambalo wanasheria hulirudia na wakubwa hawapendi kulisikia. Kifungu cha tano cha Sheria hiyohiyo ya Uraia, ukikisoma kama kilivyoandikwa, kinamfanya kila aliyezaliwa katika Jamhuri ya Muungano kuwa raia, isipokuwa watu wachache wa hali ya pekee kama watoto wa mabalozi. Hakisemi lazima mzazi mmoja awe Mtanzania. Utaratibu wa ofisini ndio unaosema hivyo. Sheria ikisomwa hivyo, maelfu ya waliojaziwa fomu za tajnisi Katumba wakaapishwa walikuwa raia tangu walipokatwa kitovu, akiwemo kijana wangu wa bodaboda. Wao hawakuambiwa hivyo. Waliambiwa waombe, nao wakaomba, wakasaini pia kuukana uraia wa Burundi, maana Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili.

Maombi yakapita. Kufikia mwaka 2010 idadi ya waliokubaliwa ilikuwa 162,156. Napenda idadi hii kwa jinsi isivyozungushwa. Kuna mtu aliyehesabu hadi wa mwisho. Na katika hatua hiyohiyo ndipo mambo yaliposimama.

Serikali ilikuwa imeamua kwamba raia wapya, kama walivyoitwa, hawatapewa vyeti wakiwa makazini. Kwanza wahame, watawanywe katika mikoa kumi na sita, makazi yafungwe, halafu kila mmoja akabidhiwe cheti chake huko atakakofikia. Hoja yake inaeleweka: serikali haikutaka kuwa na pande la nchi linalokaliwa na kabila moja lenye asili ya nchi jirani. Hofu hiyo ina mizizi, hasa ukikumbuka vita vya Burundi vya miaka ya tisini na maneno yaliyokuwa yakivuka mpaka. Lakini nani aliyewarundika pamoja? Malkki alikwisha kuonyesha miaka ishirini na mitano nyuma kwamba waliochanganyika ni wale ambao hawakuwekwa ndani ya mistari. Serikali iliwatenga watu kwa karatasi ya ruhusa kwa miongo minne, kisha ikawadai mchanganyiko kama sharti la kuwapa karatasi nyingine.

Na mchanganyiko wenyewe ulikuwa na gharama. Fedha za kuhamisha watu laki na nusu na zaidi, kuwatafutia viwanja, shule na maji huko waendako, hazikutosha. Mikoa ya kupokea haikuwa na hamu. Mwaka 2011 zoezi likasimamishwa, na hapo Katumba ikaingia katika hali ambayo sijui kama sheria yoyote ina jina lake. Si wakimbizi tena, maana hadhi hiyo ilikwisha. Si Warundi, maana wamekana kwa saini. Watanzania ndiyo, kwa tangazo la waziri, ila mkononi hawana kitu cha kumwonyesha askari barabarani.

Mama mmoja anayeuza dagaa na mafuta ya mawese sokoni, jirani wa mzee, ndiye aliyenieleza miaka hiyo vizuri kuliko taarifa zote nilizosoma. Alikuwa na nyumba ambayo ukuta wake wa nyuma ulikuwa umebomoka kwa mvua.

"Tukaambiwa msijenge, mnahama. Msipande miti, mnahama. Basi kaka, ukuta nikauziba kwa turubai. Masika yakaja, masika yakapita. Nikisema nipande kahawa, mume wangu anasema tunahama. Mtoto anauliza atamalizia shule wapi, namwambia muulize baba yako. Baba yake anasema tunahama."

"Mlihama?"

"Wapi! Mpaka turubai likaoza."

Wengine waliuza mabati. Wengine walipunguza mashamba, maana nani atapanda muhogo ambao hatauchimba? Shule na zahanati hazikuongezwa, kwa kuwa hakuna ofisa anayepanga bajeti ya mahali panapofungwa. Mtu akitaka mkopo, kazi ya serikali, hata kwenda Tabora kumwona mgonjwa, alikuwa na maelezo marefu na uthibitisho mfupi. Nimezoea kusikia ucheleweshaji wa ofisi ukisemwa kama hali ya hewa, kitu kinachokuja chenyewe. Huu wa Katumba haukuwa hivyo. Ulikuwa uamuzi, wenye sababu zilizoandikwa na watu waliosaini, na waliokaa ndani yake walilipa kwa mabati na misimu. Nikiulizwa, nitasema serikali ilitenda jambo kubwa la huruma kwa mkono wa mtu anayehofia kuibiwa.

Mwaka 2014 sharti la kuhama liliondolewa. Oktoba mwaka huo, Rais Jakaya Kikwete akiwa anaelekea mwaka wake wa mwisho madarakani, vyeti vikaanza kutolewa, na waliotaka kubaki makazini wakaruhusiwa kubaki. Mama wa dagaa aliniambia kuwa wiki hiyo tofali zilipanda bei Katumba nzima.

Mzee aliingia ndani kuleta chake. Amekiweka katika bahasha ya nailoni pamoja na kadi ya kliniki ya mjukuu na risiti za chama cha ushirika, na kabla ya kunipa alifuta mikono kwenye suruali. Nilikisoma chote. Alinitazama nikikisoma. Kisha akakirudisha ndani mwenyewe, hakumtuma mtoto.

Ofisi ya kata iko mwendo mfupi kutoka sokoni, na asubuhi niliyopita benchi la nje lilikuwa limejaa. Si kwa ajili ya uraia. Siku hizi shida imehamia kwenye namba ya NIDA. Tangu Januari 2020 laini ya simu isiyosajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya kitambulisho cha taifa huzimwa, na bila laini hakuna pesa ya simu, hakuna bei ya tumbaku, hakuna mbolea ya ruzuku. Raia wa tajnisi akienda kuomba kitambulisho anadaiwa cheti chake, na hapo majina huanza kugombana. Kirundi kina majina marefu yenye maana ndani yake, na karani aliyejaza fomu mwaka 2008 aliandika alivyosikia. Cheti kina herufi moja, cheti cha darasa la saba kina nyingine, kadi ya kliniki ina ya tatu. Msichana mmoja aliyekuwa benchini alinionyesha baba yake ana "y" na yeye ana "i", na kwa herufi hiyo moja ameambiwa alete kiapo cha mwanasheria. Mwanasheria yuko Mpanda. Nauli anayo, ada ya kiapo bado.

"Ningekuwa nimezaliwa Sumbawanga wasingeniuliza hata baba yangu anaitwaje," alisema. Sidhani kama ni kweli kabisa. Watanzania wa mipakani kote, Ngara, Kasulu, Tunduma, wana hadithi zao za kuulizwa babu wa babu. Ila nilielewa anachosema.

Mtendaji wa kata, kijana mwenye madaftari mengi kuliko rafu, hakukataa. Kazi yake, alisema, ni kuandika barua ya utambulisho, na barua anaandika. Alilalamikia kitu kingine: ardhi. Katumba ilitengwa kama eneo la wakimbizi, na kuligeuza eneo la namna hiyo kuwa kijiji cha kawaida chenye mipaka, ramani na hati ni kazi ya wizara nyingine kabisa, yenye foleni yake. Watu wamekuwa raia haraka kuliko mashamba yao. Alipolisema hilo wenzake wawili waliokuwa wakigonga mihuri waliinua vichwa na kucheka.

Nilirudi kwa mzee jioni kuaga. Ndipo alipomtaja mtoto wa yule mdogo wake aliyerudi Burundi. Aprili 2015 Rais Pierre Nkurunziza alipotangazwa kugombea muhula wa tatu na risasi zikaanza Bujumbura, kijana huyo alikimbia kwa njia ileile ya ziwa ambayo baba yake mkubwa aliipita miaka arobaini na mitatu kabla, akapitia Kagunga, akaishia kambi ya Nduta wilayani Kibondo. Wakati ule Mrundi aliyevuka alipokewa bila kuhojiwa mmojammoja. Kundi zima lilihesabiwa kuwa wakimbizi. Januari 2017 utaratibu huo ulikoma, na kila anayekuja akawa anasimama peke yake mbele ya maofisa na kueleza kwa nini alikimbia. Mwaka 2018 Tanzania ikajitoa pia katika mpango wa kimataifa uliohimiza nchi ziwaunganishe wakimbizi na jamii zinazowapokea. Habari za uraia hazikuzungumzwa Nduta. Kilichozungumzwa ni kurudi.

"Yule baba yake alirudi kwa sababu mimi nilisema nabaki," mzee alisema. "Mmoja akae huku, mmoja akashike shamba. Ndivyo tulivyopanga."

Nilimuuliza kama amekwenda kumwona kijana. Sasa anaweza kusafiri, hana wa kumwomba karatasi. Akanieleza taratibu, kwa uvumilivu, kama mtu aliyeziishi pande zote mbili. Kijana hawezi kutoka kambini bila kibali. Na mtu wa nje, hata awe raia, haingii kambini bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, wizara ileile iliyotoa cheti kilichomo kwenye bahasha yake ya nailoni. Barua ya kuomba ameiandika, mtendaji ameipiga muhuri na imekwenda wilayani. Nilipoondoka jibu lilikuwa halijaja, na mzee alikuwa akijadiliana na mkewe kama safari ifanyike kabla ya kupanda au baada ya mvua za kwanza.